Kijana wa Ntinda

Kazi yangu ni kutunza picha za watu nisiowajua. Nipo katika makusanyo maalumu ya maktaba ya chuo kikuu hapa Kampala, chumba cha chini kabisa, ambamo kiyoyozi hakizimwi na mimi hushinda nimevaa sweta huku wenzangu wa juu wakijipepea kwa magazeti. Humo tunahifadhi vitu ambavyo mji ungevitupa bila kugeuka nyuma: ramani za mitaa iliyobadilika majina, kanda za redio, mabango ya michezo ya kuigiza, kadi za arusi. Mwaka jana familia moja ya Kalerwe ilituletea urithi wa baba yao, mpiga picha aliyekuwa na studio jirani na soko. Urithi wenyewe ulikuwa negativu, zile filamu ambazo nywele huwa nyeupe na meno meusi, zimejazwa kwenye makopo ya biskuti ambayo mpaka leo yananukia siagi.

Niliipenda kazi ile kupita kiasi. Kila nilipoweka ukanda wa filamu kwenye mashine na kubonyeza kitufe cha kugeuza rangi, mtu alitokea kwenye kioo kana kwamba amefungua mlango. Mabwana arusi waliokunja nyuso. Mtoto anayelia kwenye kiti cha kifalme. Mama aliyebeba redio mbele ya kifua kama wengine wanavyobeba mtoto mchanga.

Asubuhi moja akatokea kijana juu ya pikipiki.

Alikuwa amevaa suruali pana, shati la mikono mirefu, kofia iliyoshushwa mpaka kwenye nyusi, na miwani myeusi mikubwa kama visosi viwili. Nyuma yake pazia la studio limechorwa ndege inayopaa. Mkono mmoja umeshika usukani, mwingine ameuweka kiunoni, na kidevu amekiinua juu kwa jeuri. Nilikitazama kile kidevu. Kilikuwa na kishimo katikati. Kishimo hicho ninacho mimi, na alikuwa nacho baba yangu. Kisha nikautazama ule mkono kiunoni, na hapo nikapiga ukelele, maana mkono ule naujua. Nimesimama mbele yake miaka mingi ya utoto wangu nikiwa nimesahau sura ya Kurani niliyotakiwa kuihifadhi.

Alikuwa shangazi yangu. Shangazi yangu wa Makindye, mwalimu wa madrasa, ambaye akipita uani hata kuku hutulia.

Nilicheka mpaka mkuu wangu wa kazi akaja mbio. Yeye ni Mkenya, mtu wa Kisumu, mzee wa kanisa, mpole ajabu. Alinikuta nimeinamia meza, machozi yananitoka.

"Umefiwa?" akauliza.

Nikamwonyesha kioo. Nikamweleza. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaitazama picha kwa muda. "Hii," akasema polepole, "lazima iende kwenye maonyesho." Tulikuwa tunaandaa maonyesho ya picha za Kalerwe, wazi kwa kila mtu. "Lakini unajua masharti yetu. Mtu akiwa hai, hatuoneshi uso wake bila ruhusa yake. Nenda ukamwombe."

"Mimi?"

"Kwani ni shangazi wa nani?"

Nilikwenda Makindye Jumamosi, picha ikiwa kwenye simu. Nilimkuta barazani anachambua mchele.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unacheka kabla hujaketi?"

Nilikuwa nimejiandalia hotuba nzima, kuhusu historia ya mji, kuhusu wajukuu na kuhusu umuhimu wa kumbukumbu. Yote yakapotea. Nikamnyooshea simu tu. Aliipokea, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Sinia ya mchele ikaanza kutikisika mapajani mwake. Nikadhani amekasirika. Kumbe kicheko kilikuwa kinampanda kutoka chini, kimya kimya, na kilipofika mdomoni kilitoka na sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ya msichana. Mchele ukamwagika wote.

"Ilitoka!" akapiga kelele. "Ya Rabi, picha ilitoka!"

Ndipo nilipojua kwamba hakuwahi kuiona. Alipigwa picha ile akiwa na miaka kama kumi na saba, akaogopa kurudi kuichukua.

Basi akanisimulia, akifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Mpiga picha wa Kalerwe alikuwa na pikipiki mbovu, haina hata injini, lakini vijana wote wa mji walikuwa wakienda kupigwa picha juu yake. Shangazi naye aliitaka. Mpiga picha alikataa. Wasichana, alisema, hupigwa picha wamekaa kando ya chombo cha maua, akimpandisha kwenye pikipiki wazazi watamvunjia studio. Shangazi akarudi nyumbani, akachukua suruali ya kaka yake, yaani baba yangu, bila kumuuliza, akaifunga kwa kamba kiunoni, akaenda tena. Safari hii mpiga picha alimkaribisha kama mteja yeyote.

"Nimeshapanda," akasema, "nimeshaweka mkono hivi, taa zimewaka. Mlango ukafunguliwa. Nani anaingia? Baba."

"Babu?"

"Babu yako mwenyewe! Amekuja kupigwa picha ya pasi, anataka kwenda Hija. Akakaa kwenye benchi, hatua chache tu kutoka kwangu. Akaniangalia. Akasema, assalaam aleikum, kijana."

"Ukafanya nini?"

Shangazi akajikohoza, akateremsha sauti mpaka tumboni. "Waaleikum salaam, mzee."

Nilianguka kwenye mkeka.

"Ngoja, hujasikia! Akaniuliza, unatoka wapi? Nikasema mahali pa kwanza palipokuja kichwani. Ntinda. Wakati huo Ntinda tuliiona mbali. Akasema, mbali huko, na umekuja peke yako, hongera, wasalimie wazazi wako. Nikasema, zimefika, mzee. Nikateremka, nikatoka. Suruali nimeishika kwa mikono miwili!"

Jioni ile, wakila, babu alitangaza mbele ya watu wote kwamba amekutana na kijana wa Ntinda mwenye adabu sana, na kwamba laiti vijana wote wangekuwa vile. Chai ikamtoka shangazi puani. Haikuishia hapo. Kwa miaka mingi babu aliendelea kumtaja. Mchumba akija kuposa, babu humsikiliza vizuri, hummwagia heshima zote, na akishaondoka husema, "Si mbaya. Ila si kama yule kijana wa Ntinda." Hata siku ya arusi yake shangazi, babu alipomshika mkono kumpa nasaha, neno la mwisho lilikuwa hilo hilo.

"Nilikufa mara mia," shangazi akasema. "Mpaka anaingia kaburini sikuthubutu kumwambia."

Usiku ule sikulala vizuri kwa furaha, na Jumatatu nilifika kazini kabla mlinzi hajafungua geti. Kitu kilikuwa kimenijia kichwani. Kama babu alipigwa picha baada ya shangazi, basi lazima awe kwenye ukanda ule ule. Sisi hatukuwa na picha ya babu. Ipo moja tu ya arusini, na hata hiyo uso wake umezibwa nusu na mwavuli wa mtu. Nikavaa glavu. Nikausogeza ukanda. Nikabonyeza.

Akatokea. Kanzu nyeupe, kofia, kishimo cha kidevu. Picha ya pasi, ambayo mtu hutakiwa kutulia kama ukuta. Lakini babu hakutulia. Mashavu yamevimba, midomo ameibana kwa nguvu zote, macho yanamng'aa, kama mtoto aliyezuiliwa kucheka msikitini.

Nilimpigia shangazi simu, nikamtumia picha.

"Alijua," akasema. Kisha akapaza sauti, nikasikia watoto wa madrasa wakinyamaza nyuma yake. "Mzee alijua! Miaka yote ile! Ananicheka!"

Alicheka, akalia, akacheka tena, na mimi nikacheka na kulia pamoja naye. Mkuu wangu alikuja, akaona, akatoka nje na kitambaa chake cha mkononi.

Ruhusa ilitoka siku hiyo hiyo, kwa sharti moja, kwamba baba na binti watundikwe pamoja. Siku ya maonyesho shangazi alisimama kando yao kwa baibui lake jeusi, akamsimulia upya kila aliyepita, pamoja na ile sauti nzito. Mama mmoja muuza nyanya aliomba asimuliwe mara mbili. Wanafunzi wa historia walikaa sakafuni. Wazazi wa madrasa, ambao nilikuwa nawaogopa, ndio waliocheka zaidi, na mmoja akasema kwa Kiganda kwamba sasa atalipeleka madrasa hata lile jitoto lake kaidi lililobaki nyumbani.

Tangu hapo watu hawakauki mlangoni kwangu. Wanakuja na mifuko ya plastiki, albamu zilizovunjika mgongo, picha zilizofungwa kwenye leso. Jana alikuja askari mstaafu, mrefu, uso haucheki, ameshika bahasha kwa mikono miwili.

"Madamu, mimi nareta picha ya mama yangu," akasema. "Hii picha iko ya zamani sana. Lakini wewe usicheka."

Nikamwahidi. Akaanza kufungua bahasha taratibu, na kabla picha haijatoka nusu, yeye mwenyewe mabega yakaanza kumcheza.