Wakwe Wawili na Pampu Moja

Wiki ya arusi yangu, mwishoni mwa miaka ya hamsini, gari la baba lilikuwa limelala uani kwetu, kijijini Ndama, bila giaboksi. Lilikuwa gari la ajabu, lisilo na pedali ya klachi. Lilibadilisha gia lenyewe, na baba, mfanyabiashara wa kahawa, alilisifu kama ng'ombe wa maziwa. Sasa giaboksi ilikuwa imeanza kuvuja mafuta, ikashushwa. Bila gari ningebebwa kwa machela hadi Isingiro, kwao mchumba wangu, kama bibi zangu, na mimi nilitaka kwenda nikiona vilima vikikimbia dirishani.

Mchumba wangu alikuwa fundi. Aliilaza giaboksi juu ya majani ya migomba ili aing'oe pampu iliyo mdomoni mwake na kubadilisha mpira uliochakaa. Pampu ilikwama. Akafunga kwenye matundu yake vyuma viwili virefu, kila kimoja na kipande kizito kinachoteleza juu yake. Unakivuta kipande kwa nguvu kuja kwako, kinagonga kichwa cha chuma, pampu inasogea kidogo. Lakini pande zote mbili zigonge pamoja. Upande mmoja ukitangulia, pampu inakwenda mshazari na kujikaza.

Baba akashika chuma cha pili. Mimi nilikuwa ndani, nimepakwa samli, nimekatazwa kuonekana na mchumba. Nilichungulia kwenye ufa wa dirisha.

"Anza wewe, baba," mchumba wangu alisema, macho chini, kama mkwe apaswavyo.

"Fundi ni wewe. Anza."

"Siwezi kukutangulia."

"Basi nami nakungoja."

Wakagonga huku kila mmoja akimsubiri mwenzake, pampu ikaenda upande. Wakainyoosha, wakarudia. Ikaenda upande tena.

Mama akapita na beseni la ndizi. "Heshimianeni tu," akasema. "Machela ipo darini, naenda kuipangusa vumbi."

Hapo nikaanza kuimba wimbo wa wanaume wanaokanyaga ndizi mbivu za rubisi, pombe yetu ya ndizi, ule ambao kwenye neno la mwisho miguu yote hushuka pamoja. Wimbo huo mwanamke hauimbi.

"Nani huyo?" baba akauliza, ingawa alijua.

"Sijui, baba," mchumba wangu akajibu. "Ila anajua kukanyaga."

Nikaendelea kuimba, na kwenye neno la mwisho vyuma viwili vikalia kama kimoja. Ubeti, mlio, ubeti, mlio. Pampu ikachomoka ghafla, na wakwe wawili wakaanguka chali juu ya majani, wakatazamana usoni kwa mara ya kwanza, wakacheka.

Bibi arusi hutakiwa kulia anapotoka kwao. Nilijitahidi, shangazi hata alinifinya, machozi hayakuja. Gari lilipoondoka, baba kwenye usukani akaanza kupiga mluzi wimbo ule, na bwana arusi kando yake akagonga mlango kwenye kila neno la mwisho. Nikacheka ndani ya shela hadi machozi yakanitoka, na waliosimama barabarani wakasema msichana yule analia vizuri.