Launji ya Nyota Tano na Shangazi Aliyeshiba

Sijawahi kupanda ndege. Naanza na hilo ili msomaji ajue mapema anazungumza na mtaalamu wa aina gani. Hata hivyo, kuna kipindi mwaka huu, chumbani kwangu Kitaji, Musoma, nilijua mengi kuhusu launji za uwanja mmoja mkubwa wa ndege kule Uarabuni kuliko ninavyojua mtaa ninaoishi. Nilijua viti vya wapi vinalala, bafu lipi maji yake ya moto hukatika, na ukumbi upi huweka supu mezani ikiwa imeshapoa.

Launji, kwa ambaye hajakutana nayo, ni ukumbi wa kusubiria ndege wa watu waliolipia kusubiri vizuri. Wengine wote hukaa nje kwenye viti vya chuma, wamekumbatia mabegi yao.

Aliyenitumbukiza humo ni shangazi, dada yake baba, mkulima na mfugaji wa Butiama. Binti yake, ambaye ni binamu yangu, alikuwa amejifungua huko Ulaya, na mama mtu alitakiwa aende akamsaidie kulea. Kati ya ndege ya kwanza na ya pili, shangazi angekaa pale uwanjani karibu kutwa nzima, peke yake, bila Kiingereza wala Kiarabu. Hilo peke yake lisingetutisha, maana shangazi ameshawahi kukesha mnadani na ng'ombe. Tatizo ni kisukari. Anajichoma sindano ya insulini, na akishajichoma lazima ale. Akichelewa, sukari inashuka, anatoka jasho, anatetemeka, na mara moja alishaanguka katikati ya shamba la mtama akaokotwa na wapita njia.

"Atakaa launji," binamu alisema kwenye simu. "Chakula kipo muda wote. Mimi nitalipia, wewe msomi chagua iliyo nzuri."

Katika ukoo wetu, maneno "wewe msomi" hutangulia kazi ambayo kila mtu ameikimbia.

Nikakaa na simu, nikasoma maoni ya wasafiri. Nilisoma kwa hasira, nakiri. Watu walikuwa wameandika aya nzima kulalamikia ubaridi wa mkate. Mmoja alishusha nyota mbili kwa sababu dirisha lilitazama ukuta. Nilijiuliza watu hawa huandika nini wakifiwa. Lakini kazi ni kazi, na baada ya siku kadhaa nilibakiwa na launji tatu.

Ya kwanza ilikuwa kubwa, ina nyota karibu zote, na chakula kimepangwa ukuta mzima: wali, kuku, samaki, matunda, friji za soda zenye milango ya kioo. Unachukua mwenyewe, unachotaka, mara unazotaka. Ya pili ilikuwa tulivu, lakini chakula kinaagizwa kwa kuelekeza simu kwenye kijimraba cha madoadoa mezani. Hiyo niliifuta mara moja. Kwenye simu, shangazi ameiva katika mambo mawili, kupokea na kukata. Ya tatu ilikuwa ndogo na nyota zake zilikuwa chache, na malalamiko yalikuwa yale yale: wahudumu wasumbufu. Unawaambia huhitaji kitu, wanarudi na sinia. Unakataa tena, wanarudi tena. Msafiri mmoja aliandika kwamba alijisikia kama yuko kwa mama mkwe.

Nikaifuta nayo. Nani analipia kusumbuliwa?

Matokeo niliyawasilisha Bunda, Nyasura, nyumbani kwa baba, kwenye kikao cha kumuaga shangazi. Baba mdogo, mkulima wa pamba anayeishi Manyamanyama na asiyekosa kikao chenye nyama, alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo kuna watu wanalipaga ili wakae," alisema.

"Wanalipia mazingira, baba mdogo."

"Mimi nakaaga bure. Na mazingira ninayo."

Shangazi hakucheka. Alikuwa ameshika picha ya launji ya kwanza kwenye simu yangu, akiisogeza karibu na macho.

"Mwenye hapa ni nani?" akauliza.

"Kampuni, shangazi."

"Kampuni ina mke?"

"Haina."

"Sasa anayekaribisha watu ni nani?"

"Hakuna kukaribishwa. Chakula kiko mezani, unachukua tu."

Alinirudishia simu. "Haya," alisema, kwa sauti ile ya mtu anayemwachia mtoto kitu ambacho atakivunja. Mimi ninayejulikana kwa kuhoji kila kitu, kuanzia mahubiri hadi bei ya nyanya, sikuihoji ile "haya".

Siku ya safari alitupigia simu ya video mchana. Mhudumu wa uwanja aliyemsukuma kwenye kiti cha magurudumu, kama wanavyosaidiwa wazee wasiojua lugha, alikuwa amemfikisha, akamuunganishia mtandao, akaondoka. Sisi tulikuwa Nyasura mezani, mimi, baba na baba mdogo, tuna ugali wa udaga, ule wa muhogo, na sato wa kuchemsha. Uso wa shangazi ulijaa kwenye kioo. Nyuma yake niliitambua ile meza ndefu ya chakula, ile ile ya kwenye picha, na nikajisikia vizuri kwa muda mfupi sana.

"Mnakula nini?" akauliza.

"Sato, dada," baba akajibu. "Wewe umekula nini?"

"Sijala."

"Sindano je?"

"Nimeshajichoma."

Baba aliweka tonge chini. Nikamnyang'anya simu.

"Shangazi, chakula si hicho hapo nyuma yako?"

"Nimekiona. Kuna msichana nilimwona anapita na sinia kule mwisho, nikajua wameanza kugawa. Nikaenda chooni nikajichoma, nikarudi nikakaa vizuri. Akanifikia. Nikamwonyesha tumbo kwamba nimeshiba."

"Ulikuwa umeshiba?"

"Nishibe nini? Nimekula asubuhi, Dar, kwenye ndege nikalala."

"Sasa kwa nini ulimwambia umeshiba?"

"Wewe mtu akikukaribisha mara ya kwanza unamjibuga nini?" Akatazama kule mwisho wa ukumbi. "Akaenda. Huyu mtoto akaenda kweli."

Alisema hivyo kama mtu anayetoa taarifa ya msiba.

Nieleze, kwa wasiotoka kwetu. Ukikaribishwa chakula, mara ya kwanza unasema umeshiba. Mara ya pili unasema wasijisumbue. Mara ya tatu unaletewa maji unanawa, na unakula kuliko waliokupikia. Kila upande unajua. Mwenyeji akiishia mara ya kwanza, huyo amekufukuza. Nimekulia ndani ya mchezo huo, nimeusema vibaya tangu sekondari, na nilipokuwa nalinganisha viti na mabafu haukunijia kichwani hata kidogo.

"Shangazi, simama, chukua sahani, pakua."

"Nijipakulie kwenye nyumba ya watu?"

"Si nyumba. Ni biashara. Binti yako amelipia."

"Amelipia, lakini mimi hawanijui."

"Basi fungua friji, chukua soda. Soda tu."

"Nifungue friji la watu," alisema taratibu, ili nami nisikie ninavyosikika.

Nikamwambia ampe simu yule mhudumu, nitaongea naye Kiingereza. Akaniuliza nitamwambia nini. Kwamba kuna mama kutoka Butiama amekuja kuombaomba? Nikimdhalilisha hivyo, anakata. Nikampigia binamu, simu haipatikani. Alikuwa kliniki na mtoto.

Baba alijaribu kwa ukali. "Dada, utaanguka hapo. Utatia aibu kubwa kuliko ya sahani."

"Nikianguka watasema ni mgonjwa. Nikijipakulia watasema sikufunzwa."

"Wote hapo wanajipakulia," nikasema.

"Nawaona," alijibu. "Wala sijashangaa."

Sasa jasho lilikuwa limeanza kuonekana kwenye paji lake la uso, na picha ikaanza kutikisika, na tulijua si mtandao. Baba mdogo alisukuma sahani yake pembeni. Nilikuwa na hasira kiasi cha kutaka kulia. Mtu amekaa hatua chache kutoka kwenye chakula kingi kuliko cha harusi tatu za Bunda, kimeshalipiwa, na atazimia kwa sababu hajaulizwa tena.

Kisha akageuza shingo, akatazama pembeni.

"Subirini," alisema.

Simu ikalazwa chali mezani. Tukabaki tunatazama dari. Lilikuwa dari zuri, lina taa ndogondogo kama nyota. Wasafiri wengi walikuwa wamelisifu. Tulisikia mtoto mchanga analia. Tulisikia shangazi anasema kilugha, kwa ile sauti ya kubembeleza wanawake waliojifungua. Halafu vyombo, halafu mlango wa friji. Baba aliita, "Dada. Dada." Dari halikujibu.

Aliporudi kwenye picha alikuwa anatafuna.

"Kuna mzazi hapa," alisema, akameza. "Mtoto mchanga kabisa, hawezi kumweka chini, na yuko peke yake. Sasa mimi nikae namtazama mzazi ana njaa? Nikachukua sahani nikampakulia. Nikamletea na soda mbili, maana ananyonyesha."

"Ukafungua friji."

"Ya mzazi hiyo. Nani atanisema?"

"Na wewe?"

"Akala kidogo, akanisukumia sahani. Nikakataa."

"Ulikataa?"

"Mara mbili tu. Huyu amelelewa vizuri, akafungua soda moja akanishikisha mkononi. Ningefanyaje?"

Alielekeza simu pembeni. Tukamwona mama kijana mwenye kitambaa kichwani, mtoto begani, anatupungia kijiko. Sijui alikuwa wa nchi gani. Baba alimpungia naye, na mkono wake ulikuwa bado na ugali.

Safari ya kurudi nilichagua ile launji ya tatu, ya nyota chache na wahudumu wasumbufu. Sikusoma tena maoni ya mtu.

Aliporejea nilikwenda Butiama kumsalimia, na zaidi ya salamu nilikuwa na maswali yangu. Nilitoka Musoma asubuhi bila kutia kitu mdomoni.

"Wale wa safari ya kurudi ni watu," aliniambia. "Walinijia mara tatu. Chai yao haina kitu, lakini ni watu."

"Shangazi, siku ile yule mzazi asingekuwepo?"

"Angekuwepo mwingine."

"Na kusingekuwa na mtu?"

"Wewe unaulizaga sana."

"Ungekufa kwa adabu."

"Na wewe utakufa kwa kuuliza," alisema, akainuka.

Akarudi na sinia: ugali wa udaga, sato, na mlenda uliochanganywa vizuri. Harufu ilinifika kabla yake. Akaliweka chini mbele yangu, akasimama.

"Utakula?"

"Hapana, shangazi," nikasema. "Nimeshiba. Nilikula njiani."

Mdomo ulisema wenyewe. Shangazi alinitazama. Akajigusa tumbo polepole, kama anavyofanya mtu asiyejua lugha. Akafunika sato, akafunika ugali, akainua sinia lote.

"Sawa," alisema, akaingia nalo jikoni.

Nilimsikia huko ndani anacheka peke yake, na vyombo vinagongana. Nikabaki kwenye kigoda, msomi mzima, njaa inaniuma, nikisubiri sinia lipite tena.