Gharama za Maandalizi

Mtaani walimwita Bi Mapazia kwa kazi yake ya kushona mapazia, na sifa yake ya pili ilikuwa kwamba hapunjiki. Jirani akitaka kununua kochi au godoro, humwomba amsindikize, maana alijua kunyamaza mbele ya muuzaji mpaka muuzaji mwenyewe aanze kushusha bei. Mumewe, dereva wa lori tangu ujanani, alipenda kumtania kwamba hata malaika wa kutoa roho akija, mke wake atapatana naye kwanza.

Kisha kiharusi kikampiga yule mume. Upande mmoja ukafa ganzi, mkono na mguu, na ulimi ukawa mzito. Mazoezi ya viungo yalifanyika hospitali iliyokuwa ng'ambo ya mji. Kumwingiza kwenye teksi ilikuwa kazi ya watu wawili, na madereva wengine wakimwona ameegemea mkongojo walijifanya hawakuona mkono uliopungwa. Bi Mapazia, mvi kichwani, akaenda kujifunza udereva. Akafeli, akarudia, akapita. Akauza cherehani yake kubwa, akabaki na ile ndogo.

Dada wa mumewe alikuwa amenunua gari mwaka uliotangulia, naye alipunjwa vibaya. Akamweka kitako.

"Bei iliyobandikwa kwenye kioo si bei, wifi yangu," alimwambia. "Uliza jumla mpaka funguo mkononi. Kodi na usajili lipa, hizo ni za serikali. Vingine watakavyochomeka, kataa. Wakishupaa, inuka uondoke. Hawaogopi kitu kama mgongo wa mteja."

Bi Mapazia akaona hilo halimshindi.

Yeye na mumewe walipofika yadi ya kuuzia magari, wakakuta gari dogo lenye kiti cha kimo kizuri, si cha kuchuchumaa wala cha kupanda. Aliyewapokea ni kijana mpole, shati limenyooshwa, akiwaamkia kama wazazi wake. Bi Mapazia akauliza jumla kabla hata hajaligusa gari. Kijana akasema bei ni ile ile anayoiona. Halafu akafungua mlango wa abiria, akasema mzee ajaribu kukaa.

Mzee akageuza kiuno, akajishusha, akaukamata mguu mbovu kwa mkono mzima, akauvuta ndani. Ukaingia. Hakuna aliyemnyanyua. Akapitisha kiganja kwenye dashibodi, akatabasamu kwa ule upande wa mdomo uliobaki kumtii. Mkewe alikuwa hajaliona tabasamu hilo tangu augue, na macho yakamlenga machozi. Kijana aliona vyote viwili. Akaurudishia mlango taratibu, akawasha kiyoyozi, akasema mzee apumzike humo wakati wao wanamaliza karatasi.

Ofisini ndipo vilipoanza kujitokeza. Gharama za maandalizi. Gharama za kushughulikia nyaraka. Dawa ya kuzuia kutu. Kifaa cha kulifuatilia gari likiibwa. Bi Mapazia akasema hayo hakuambiwa, na hatayalipa. Kijana akakubali kwa kichwa, kama mtu anayepewa pole. Bi Mapazia akanyamaza kwa ule ukimya wake, na kijana naye akanyamaza, akisogeza kalamu huku na huku juu ya meza, hana haraka hata kidogo. Mwishowe akamwita meneja wake.

Meneja alikuwa mwanamke wa rika la Bi Mapazia. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba dawa imeshapakwa na kifaa kimeshafungwa, havibanduki. Kwamba mchana kuna mtu anakuja kuliangalia gari hilo hilo. Kwamba hapa hakuna anayelazimishwa.

"Kwa hiyo, dada yangu," akasema, "tukamsaidie mzee kushuka?"

Bi Mapazia akachukua mkoba wake, akainuka. Akafika mpaka kwenye mlango wa kioo. Kule nje mumewe alikuwa ameketi wima, kama alivyokuwa akikaa kwenye lori lake. Alichotakiwa kufanya ni kidogo tu: atoke, agonge kioo, amwambie shuka. Akasimama pale. Mkono ukagoma kusukuma mlango.

Akarudi kwenye kiti, akalipa. Akiba aliyoichota ilikuwa ya mazoezi ya miezi ya mwanzo.

Aliendesha polepole, wa nyuma wakimpigia honi. Walipofika nyumbani na kuzima injini, mume akasema neno moja moja, "Nilikuona. Umesimama."

Akajikusanya tena. Alieleza, kwa shida, kwamba alijua kinachoendelea. Alitaka kushuka mwenyewe ili mkewe apate kuondoka. Lakini kitasa kilikuwa upande wa mkono uliokufa, na ule mzima ulipokifikia haukuwa na nguvu ya kufungua.

"Ungeanguka," mkewe akamwambia.

"Ndiyo."

Akashuka, akazunguka upande wa pili, akamfungulia mlango.

Wifi alipopiga simu kuuliza kama walimpunja, Bi Mapazia akamjibu kwamba mambo yalikwenda salama. Hospitali walihudhuria wiki moja, nyingine wakaikosa, kadiri cherehani ndogo ilivyoingiza. Siku moja mtaalamu wa mazoezi, akiukunja na kuukunjua ule mguu uliokuwa umeanza kukakamaa, akauliza kwa nini hawaji kama walivyopangiwa.

"Gari linatusumbua kidogo," akajibu Bi Mapazia.

Mumewe akageuza uso ukutani.