Namba Niliyoisugua Ikatoweka

Mwanangu, ipo siku moja nikiikumbuka hata leo masikio yananiwaka moto. Ilikuwa hapa Stockholm, mwishoni mwa miaka ya sitini, kabla treni ya chini ya ardhi haijafika huku kwetu Husby, na mimi nilikuwa kijana niliyejiona fundi wa kila kitu.

Kujiona kwenyewe kulikuwa na sababu. Shule niliiacha darasa la nne, Tanga. Nikapanda meli, kazi yangu kung'arisha shaba, na nahodha alikuwa akinyoa ndevu kwa kujitazama kwenye vitasa vyangu. Leo nina kampuni yangu ya usafi, watu kumi na wawili wananiita bosi, na hakuna aliyenishika mkono. Nalisema kwa sababu ni kweli.

Basi siku hizo nilikuwa nikisafisha nyumba ya Mzee Arvid, fundi saa mstaafu aliyefiwa na mkewe. Alikusanya bastola ndogo za mfukoni za karne iliyopita, zile za kutoshea kiganjani, zenye maua yaliyochongwa kwenye chuma na mipini ya pembe. Za kutazamwa tu, si za kupiga. Sanduku moja lilikuwa na mahameli ya kijani na vitanda viwili: kimoja kina bastola, kingine kitupu. Zilikuwa pacha, za babu yake, kila moja na namba yake juu ya mtutu kwa uzi wa dhahabu. Ya pili mama yake aliiuza mwaka wa njaa. Tangu ujana mzee alikuwa akiitafuta.

Nani aliiona? Mimi! Soko la vitu vikuukuu, ndani ya kikapu cha vijiko: maua yaleyale, mpini uleule, na ile namba, ya pili, imefifia chini ya weusi. Nikainunua, nikaificha. Wiki ile mzee alikuwa anatimiza miaka sabini, na Waswidi siku hiyo wanaiheshimu kama harusi.

Sasa mtu wa shaba kama mimi nimpe mzee wangu kitu cheusi? Nikatafuta msasa na dawa ya kung'arishia. Siku tatu nikitoka kazini nasugua. Kato, Mganda niliyekaa naye chumba kimoja, akasimama mlangoni.

"Bwana Salum, hiyo ni bastola au sufuria ya pilau?"

"Nenda zako. Kazi hii huijui."

"Siijui, sawa. Wewe je, umemuuliza mwenyewe?"

"Zawadi inaulizwa wapi!"

Siku ikafika. Wageni wamejaa, kahawa, keki za kila aina. Mzee akafungua kitambaa, bastola ikawaka kama kioo. Nikasimama wima nisifiwe. Akapitisha kidole gumba juu ya mtutu, akarudia.

"Salum, namba iko wapi?"

"Ilikuwa imejaa uchafu, mzee. Nimeutoa wote."

"Uchafu ule ulikuwa mikono ya babu yangu," akasema taratibu. "Ungeniuliza tu, mwanangu."

Hakupaza sauti. Angepaza, ningepata nafuu. Mgeni mmoja, mkusanyaji mwenzake, akaikagua kwa lenzi, akatikisa kichwa: bila namba, hakuna awezaye kuapa kuwa ndiyo pacha. Nilitamani ardhi inimeze. Mzee ametafuta maisha yake yote, nami nimemfutia kwa mikono hii.

Mzee akaleta sanduku. Akailaza kwenye kile kitanda kitupu. Ikaingia bila kusukumwa, ikatulia. Akafunga kifuniko, akafungua, akafunga tena, macho yamelowa na huku anacheka.

"Sanduku limemjua mtoto wake," akamwambia yule mgeni. Kisha kwangu: "Jumamosi njoo nikufundishe kufuta kwa kitambaa laini na tone la mafuta. Msasa uache kwako."

Nilikwenda, na hadi leo nakwenda, naye anakaribia themanini. Bastola moja nyeusi, moja kama kitasa cha meli. Wageni wakiuliza, hunishika bega na kusema, "Hii inayong'aa ni ya Salum."

Kwa hiyo, mwanangu, wewe nikikuita kwa Kiswahili unaitika kwa Kiswidi, hili lisikie kwa lugha yoyote. Kumpenda mtu si ruhusa ya kukitengeneza kitu chake. Muulize kwanza anakipendea nini. Huenda unachotaka kukiondoa ndicho anachokitunza. Na ukiharibu, usijifiche. Rudi Jumamosi, ufundishwe.

Mungu aijalie mikono yako kazi, na kinywa chako kiwahi kuuliza kabla mikono haijaanza. Na siku utakapokosea, akupe mzee wa kukuonyesha, kisha akumiminie kahawa.