Utando wa Mtoto wa Watu

Mama yangu alipasuliwa kule Kabambare kwa ngiri iliyobana utumbo, na upasuaji ule ulimwokoa. Shida ilikuja baadaye. Ana ugonjwa wa sukari, na nyuzi zilipotolewa kidonda kilianza kufunguka kidogo kidogo. Alikaa dukani kwake majuma matatu akiwaambia wateja wa vitenge kwamba ule unyevu nguoni ni jasho tu. Jirani ndiye aliyenipigia simu. Nafundisha shule ya msingi hapa Kasongo. Niliomba ruhusa, nikaenda kumchukua kwa pikipiki. Tulirudi kwa siku mbili, yeye katikati yangu na dereva, na kila tulipoingia shimoni alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti ya mtu anayeuma meno.

Daktari aliyempokea hospitalini Kasongo alikuwa mwanamke mfupi, mdogo kwangu kwa umri, mwenye sauti ya chini. Alifungua bandeji, harufu ikajaa chumba, na uso wake haukugeuka. Akamuuliza mama habari za safari huku mikono ikifanya kazi. Kuanzia hapo alikisafisha kidonda kila asubuhi, akaondoa nyama iliyokufa, akahakikisha sukari inapimwa mara mbili kwa siku. Kidonda kikawa safi, lakini hakikufunga.

Siku moja alituketisha akatueleza. Alisema mwilini kuna seli ambazo bado hazijachagua kazi, zinaitwa seli shina. Penye jeraha, seli hizo huweza kugeuka kuwa kinachohitajika, na pia huita seli nyingine zije kutengeneza. Kwa mtu wa sukari seli hizo hulegea.

"Ulaya wanazikuza maabara, wanaziweka kwenye vidonda vya upasuaji," alisema. "Hata wao wangali wanachunguza. Sisi hatuna ile maabara. Lakini ile chupa inayomfunika mutoto tumboni, utando wake uko na seli za namna hiyo. Pale niliposomea tulikuwa tunautandika juu ya kidonda. Siwaahidi kitu, mama. Naomba tujaribu."

Mama akauliza, "Huo utando ni wa nani?"

"Wa mama atakayezaa kwa kupasuliwa juma hili. Damu yake tumeipima, iko safi."

"Mwenyewe anajua?"

"Bado sijamuuliza."

"Kama hajui, sitaki. Akikubali kwa kinywa chake, nami nakubali."

Mwenye utando alikuwa mkulima wa njia ya Nyangwe, amelala wodi ya wazazi akiuguzwa na mama mkwe wake. Daktari alinichukua twende wote. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kondo ya mutoto wetu inazikwa kwetu, nyuma ya nyumba. Hatuiachake hospitali."

Nilidhani mambo yameishia hapo. Daktari akaketi sakafuni, miguuni pa mama yule, akafungua viganja vyake kumwonyesha. "Kondo mutaibeba nzima. Mimi naomba ngozi tu, ile nyembamba inayoifunika."

"Naenda kumuona mugonjwa kwanza," akasema yule mama.

Akaja mpaka kitandani kwa mama yangu, akaomba afunuliwe kidonda, akakitazama kwa muda mrefu. Akamuuliza mama amezaa watoto wangapi, wangapi wako hai. Mama akajibu: saba, na wanne. Yule mama akatikisa kichwa kwa huruma, akarudi wodini, nasi nyuma yake. Mke wa mwanawe alikuwa anamngoja. Alisema maneno machache tu: "Mama, mimi nimekubali. Mutoto akitoka muzima, wampe." Mama mkwe hakupinga tena.

Mtoto alitoka mzima, wa kike, Alhamisi asubuhi. Daktari aliutenga utando, akauosha mara nyingi kwa maji ya dawa, akaukata vipande viwili, kimoja akakiweka kwenye friji. Nilikuwepo alipoutandika. Ulikuwa mwepesi kama utando wa maziwa yaliyochemka, unaona nyama nyekundu chini yake. Akafunika kwa bandeji, akatukataza kugusa siku tatu.

Siku ya nne alipofungua alimwita muuguzi aje aone. Kingo za kidonda zilikuwa zimepata rangi ya waridi, na katikati palikuwa na chembechembe nyekundu, nyama mpya. Juma lililofuata aliweka kile kipande cha pili. Mwezi ulipokwisha, palibaki pa kuwekea kidole tu, na hapo pia pakafunga.

Nilimwambia daktari kuwa utando umeponya. Alikataa kusema hivyo. "Labda ni utando. Labda ni sukari iliyotulia, ao kusafisha kila siku. Kwa mugonjwa mumoja siwezi kujua." Nimekutana na watu wengi waliojisifu kwa mambo madogo kuliko hilo. Yeye aliandika yote mawili katika daftari lake, linaloweza kuwa kweli na lisilojulikana.

Siku ya mama kutoka hospitali, daktari alimwomba ruhusa awaonyeshe wanafunzi wa uuguzi lile kovu. Mama akajifunua mwenyewe, akakaa wima kitandani. Akawaeleza habari za sukari, za mtu anayeficha kidonda dukani, na za kumuuliza mwenye kitu kabla ya kuchukua. Wenzake wakiandika, mwanafunzi mmoja alikuwa anamsikiliza tu, mikono mitupu.

"Andika," mama akamwambia. Daktari, aliyesimama nyuma yao, akamkopesha yule mwanafunzi kalamu.