Ukisikia kengele nyuma yako njia ya Masaki, usikimbilie ukingoni

Wakuu, heshima zenu. Anayetafuta chai, stori za kutunga, apite uzi wa jirani. Hili limenipata mimi na mke wangu, na hapa ninapoandika amekaa pembeni ananichunga nisitie chumvi.

Mimi ni mtu wa Mkuza, Kibaha. Baiskeli nilifundishwa na baba mdogo, na somo lake lilikuwa moja tu: barabara ni ya wenye injini. Wewe kaa ukingoni kabisa, ukisikia mtu nyuma mpishe.

Nikakua hivyo. Naendesha juu ya ule mstari mweupe kama naomba radhi kwa kuzaliwa.

Nikaoa Kisarawe, tukahamia kwao Masaki, si ile ya Dar, nikafungua kibanda cha kuchomelea. Mke wangu Zuhura akashika mimba. Ya kwanza ilikuwa imeharibika, kwa hiyo hii ya pili tuliilea kwa hofu, wakuu, sitanii. Bodaboda akazikataa, anasema zinamrusha. Kliniki nitampeleka mimi, kwa baiskeli, polepole.

Sasa kuna mteremko mmoja wa lami, mikorosho huku na huku. Asubuhi ukungu unatanda pale hadi huoni gurudumu lako la mbele.

Wiki moja kabla ya kliniki nilipita pale peke yangu. Nikasikia kengele nyuma. Krin krin. Nikabana kushoto nimpishe.

Hakupita mtu.

Nikageuka. Barabara tupu, ukungu tu. Nikajisemea masikio yamechoka na mashine.

Kesho yake, palepale, kengele tena. Nikabana tena, na safari hii fuso ikanipita karibu hadi shati likapepea. Dereva kaona nimeacha nafasi, kajipenyeza. Nikashuka, nikaikokota baiskeli mpaka kibandani.

Jioni nikamweleza shemeji yangu Shabani, anayebeba mkaa kwa baiskeli, magunia matatu kwa mpigo. Nilitegemea anicheke. Hakucheka.

"Shemeji, wewe barabarani unakaa wapi?"

"Ukingoni."

"Ndiyo maana unaisikia. Sisi wa mkaa pale tunakaa hatua nzima ndani ya lami. Kuna mwenzetu alisikia kengele akapisha, gurudumu likatoka kwenye lami, gunia likamvuta chini ya lori. Ukiisikia, usipishe. Na usigeuke."

Niliudhika, nikamwambia haya mambo ya kutishana tuwaachie watoto. Lakini usiku ule sikulala vizuri.

Siku ya kliniki ikafika. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Zuhura akakaa upande kwenye keria, miguu kushoto, mkono mmoja kanishika mkanda. Saa moja asubuhi tukaingia ule ukungu.

Nilikuwa nimeshaamua. Nikakaa hatua moja ndani, naona kama nimewaibia watu barabara yao.

Krin krin.

"Mpishe mwenzio," Zuhura akasema. Kumbe naye anaisikia!

Krin krin krin. Haikuwa nyuma tena. Ilikuwa kushoto, usawa wa sikio langu, mahali ambapo hakuna barabara.

"We Idrisa, huna adabu? Mpishe mtu!"

Na nyuma likaja lori, taa mbili za njano, honi ndefu. Wakuu, mwili mzima ulikuwa unataka kwenda kushoto. Miaka yote ya baba mdogo ilikuwa inanisukuma. Nikauma meno, nikanyoosha mkono wa kulia dereva anione, nikabaki palepale.

Lori likapunguza mwendo. Likakaa nyuma yetu kidogo, kisha likahama upande wa pili na kutuovateki vizuri kabisa, dereva ananitukania mama.

Kengele ikanyamaza.

Zuhura akanibana mkanda hadi nikakosa pumzi. Yeye alikuwa anatazama kushoto, akaona ambacho mimi sikukiona: mvua ilikuwa imekula ukingo wa lami, pamebaki shimo la kumeza mtu mzima. Mstari mweupe ulikuwa unaishia hewani.

"Twende," akasema. "Usisimame. Twende!"

Tukaenda. Hatukusimama.

Kliniki mtoto yupo salama, mapigo safi. Tulilia kwa furaha kama wajinga.

Saa nne tunarudi, ukungu umekwisha, tukakuta watu wamejaa pale shimoni. Wanamtoa mwalimu mmoja wa Kurui, mguu umevunjika vibaya, baiskeli imejikunja chini. Alikuwa anarudia neno moja tu: "Nilimpisha mtu. Nilimpisha mtu."

Wakuu, mimi sijui ile kengele ni ya nani, na sitaki kujua. Ninachojua ni kwamba ukikaa ukingoni kabisa, dereva anakuhesabu kama hupo, na barabara ikikatika wewe ndiye wa kwanza kwenda nayo. Kaa kushoto, lakini ndani ya lami, uonekane. Pakiwa pembamba, shika njia yako mpaka dereva apate pa kukupita. Akitukana, atukane.

Na lingine ndilo linaloniuma. Kukata matawi mawili ya mkorosho na kuyaweka pale kama onyo ni kazi ya dakika mbili. Kila mtu wa huku anajua kufanya hivyo. Mimi niliogopa, nikaondoka.

Nyie mnaopita njia ile asubuhi, semeni ukweli: mmeshaisikia? Na mliisikia mkiwa wapi barabarani?