Majina Saba ya Jirani Yangu

Kila mwezi wa Shaabani, kabla ya mfungo, wanawake wa msikiti wetu hapa Morogoro hukaa pamoja kuwasomea hitma marehemu wetu. Kila mmoja huleta kikaratasi chenye majina ya watu wake. Mimi, kwa kuwa nimefundisha shule na madrasa, ndiye ninayeyasoma wakati wa dua. Vikaratasi vilipozidi nikaanza kuyachapa majina kwenye kompyuta mpakato aliyoniachia binti yangu, na nikishachapa, vikaratasi navichoma. Majina mengi ya watu wetu yamebeba jina la Mwenyezi Mungu ndani yake, na karatasi ya namna hiyo haitupwi jalalani.

Katika orodha ile yalikuwemo majina saba ya watu wa jirani yangu. Alishuka zamani kutoka milimani, upande wa Mgeta, akauza mboga miaka mingi, akafia hapa mjini bila mtoto. Siku zake za mwisho alinitajia watu wake mmoja mmoja, nami nikiandika.

"Mimi ukinisahau si neno, mwalimu," aliniambia. "Hawa usiwaache. Hawana mwingine wa kuwataja."

Nikamwahidi.

Mwaka jana, hitma ikiwa imebaki wiki moja, kompyuta ikawa nzito kupita kiasi. Nikaamua kupiga windo mwenyewe, kama wasemavyo mafundi, yaani kuufuta mfumo wa kompyuta na kuweka mpya. Nilifuata maelekezo ya video kwenye simu. Ilitakiwa flashi ya kubebea mfumo mpya, nami nilikuwa na moja tu, ile yenye nakala ya orodha. Nikaonywa kwamba vilivyomo vitafutika. Nikakubali, nikijisemea orodha ipo kwenye kompyuta. Baadaye kompyuta nayo ikauliza kama isafishe diski. Nikakubali, nikijisemea orodha ipo kwenye flashi.

Kazi ilikuwa ndiyo kwanza imeanza, umeme ukakatika. Betri ilikwishachoka siku nyingi, kompyuta ikazima hapohapo. Niliulalamikia ule umeme kwa maneno ambayo baadaye niliyaombea msamaha. Uliporudi, kioo kilikuwa cheusi, na mstari mmoja wa maandishi meupe ukisema hakuna mfumo.

Nilichukua karatasi nikajaribu kuyaandika majina saba kwa kichwa. Matano yalikuja. Mawili hayakuja, hata baada ya swala.

Asubuhi nikaenda kwa fundi, mwanaume wa makamo mwenye kiduka karibu na soko.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Nimepiga windo."

"Bibi umepiga windo? Sasa sisi tutakula wapi?" Akacheka. Akaiwasha, akakisoma kioo. "Flashi ilikuwa na nini?"

"Nakala."

"Na diski ukaisafisha?"

"Nikaisafisha."

"Bibi, hata mwizi ana huruma. Angekuachia kimoja."

Aliitoa diski, akaiunganisha na kompyuta yake. Akanieleza kwamba kitu kikifutwa hakiondoki mara moja; huondoka pale kingine kinapoandikwa juu yake. Mfumo mpya ulikuwa haujaandika sana. "Umeme ungekaa nusu saa zaidi," alisema, "leo ningekupa pole tu."

Nikasema alhamdulillahi, nikainamisha kichwa.

Mafaili yakarudi, maelfu, lakini bila majina. Kila moja lilikuwa na namba tu. Fundi alikuwa na kazi za watu wengine, kwa hiyo alinipa kiti na kunionyesha namna ya kufungua moja baada ya jingine. Nilikaa siku tatu, nikitoka kwa adhuhuri na alasiri na kurudi. Nilifungua barua za kazi za binti yangu, kadi za harusi za watu nisiowajua, mitihani niliyotunga mwenyewe.

"Bado tu, bibi?"

"Bado, baba. Sina haraka." Haraka nilikuwa nayo.

Siku ya tatu, baada ya alasiri, nikafungua namba moja na orodha ikawa mbele yangu. Niliteremka mpaka kwa jirani yangu. Yalikuwepo yote saba. Mawili niliyoyasahau niliyatambua mara moja, nikaona haya. Lakini kati ya yale matano niliyokuwa na hakika nayo, moja halikuwemo kabisa. Lilikuwa la mama yangu mdogo. Kumbe ningesoma manne na kuamini ni matano.

"Yamo?" fundi aliuliza.

"Yamo. Lete kalamu."

Niliyanakili kwa mkono kwenye daftari palepale dukani, na chini yake nikaandika la nane, la jirani yangu mwenyewe. Kwenye hitma niliyasoma yote kutoka daftarini. Vikaratasi vya mwaka ule sijavichoma bado. Vimo kwenye kopo juu ya kabati, na kila mwenye kikaratasi ana nakala ya orodha nyumbani kwake.